Maneno ya Kiganjani

Jumanne, 3 Mfunguo Sita 1328

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta katikati ya uwanja wa Mnazi Mmoja, hapana pa kujibanza, nikafika hospitalini nimerowa chapachapa. Mis Harding, Mwingereza anayetusimamia sisi wauguzi, kanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Tabia, wewe ni maji." Nikamjibu, "Naam, Mis, mimi ni maji." Kazija, mwenzangu wa kazi, alikuwa kabeba sinia la vikombe, kwa kucheka nusura aliangushe.

Daftari hili kanipa baba. Lilibaki chuoni kwake Kikwajuni, anakosomesha watoto Kurani, ndiyo maana nahesabu kwa miezi na mwaka wa Kiislamu. Kasema, "Andika mambo ya kazi yako, maana ukiyasimulia nyumbani unayatia chumvi." Haya, naandika bila chumvi.

Alhamisi, 5 Mfunguo Sita

Mvua. Chumba cha wanawake kimejaa. Jipya hapana.

Jumamosi, 7 Mfunguo Sita

Leo jipya lipo. Kaletwa Bi Shariffa binti Sleiman, bibi wa Kiarabu wa Malindi, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya mnadi wa sokoni. Kaja na mpwa wake Suud, bwana mnene, mpole, anayejifuta jasho hata kwenye baridi ya mvua. Bi Shariffa ni kiziwi. Alipata homa kali alipokuwa bibi harusi mpya. Homa ikamwacha, masikio hayakurudi. Sasa macho nayo yana mtoto wa jicho. La kushoto lishaziba, la kulia linaziba.

Msimu huu tunaye Daktari Framji, Mhindi wa Bombay, fundi wa macho. Atakuwa nasi mpaka masika yaishe, kisha arudi kwao na meli. Alimkalisha Bi Shariffa kwenye kiti akamwinulia mkono usoni.

"Bibi, unaviona vidole vyangu?"

"Havioni," akajibu Suud.

"Macho yanakuuma?"

"Hayamuumi."

"Unataka tukufanyie nini?"

"Anataka kupona, daktari."

"Nimemwuliza yeye," akasema daktari.

"Yeye hasikii. Kiziwi tangu mimi sijazaliwa. Mambo yake yote nnamsemea mimi."

Bi Shariffa alikuwa kakunja uso, anawatazama mmoja mmoja. "Mnasema nini?" akauliza, na wagonjwa wote waliolala wakaamka. "Sogeeni dirishani. Midomo yenu imekuwa ukungu."

Hapo ndipo nilipofahamu. Miaka yote hiyo bibi huyu amekuwa akisikia kwa macho. Ukisema naye uso kwa uso anakusoma midomo. Na sasa macho ndiyo hayo yanakwenda.

Daktari alimwangalia jicho kwa muda, mimi nimemshikia taa. Kisha akamvuta Mis Harding pembeni. Alisema jicho la kulia likipasuliwa litaona. Lakini mtu akishapasuliwa hufungwa macho yote mawili, akalala chali bila kutikisa kichwa mpaka kidonda kishike. Akijigeuza kwa nguvu, au akijishika kitambaa, jicho limekwisha.

"Anayesikia namwambia tulia, anatulia," alisema. "Huyu nikishamfunga macho nitamwambia kwa njia gani? Bombay nilimpasua kiziwi mmoja. Kesho yake giza lilimtisha, akararua kitambaa. Hakuona tena. Sitaki kumfanyia mtu mwingine vile."

Sikumwona mkali. Alisema kama mtu ambaye jambo lile bado linamuuma.

Suud akaanza kukusanya vitu waondoke. Bi Shariffa akanishika mkono. "Wewe mwenye taa. Wamesema nini?"

Nikaupeleka uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, nikasema polepole, "Hawawezi kukupasua. Wakikufunga macho hutasikia wala hutaona."

 "Sikio limekwenda," akasema, "na jicho linakwenda. Likishakwenda na hilo, mimi nitakuwa nimefungiwa ndani ya sanduku, na ufunguo kakaa nao Suud."

Kisha akapanda kitandani, akashika mti wa kitanda kwa mikono miwili, akakataa kuondoka. Mis Harding kasema mwacheni alale, mvua hii hata mbwa hafukuzwi.

Jumatatu, 9 Mfunguo Sita

Nimemchoka. Ananiita kwa kupiga makofi. Babu yangu mzaa mama aliitwa kwa makofi kwenye shamba la watu kama hawa, na leo mimi, binti wa Mwalimu Msabah, naitwa vilevile. Nikamwambia Kazija kama bibi yule akinipigia tena, hanioni.

Kazija anatoka Paje, na hasemi neno mpaka alifikiri. "Atakuitaje?" akaniuliza. "Akiita kwa mdomo hajui kama sauti imetoka. Makofi angalau anayasikia mikononi mwake."

 Nikaenda nikamshika Bi Shariffa mikono kabla hajaipiga, nikasimama mbele ya dirisha. "Jina langu Tabia. Niite kwa jina."

"Tabia gani? Nzuri au mbaya?"

"Inategemea siku."

Alicheka kicheko kikubwa, na tangu hapo ananiita kwa jina, kwa sauti inayofika Forodhani.

Alhamisi, 12 Mfunguo Sita

Maulidi. Watu wamepita wakipiga dufu chini ya dirisha letu. Bi Shariffa aliweka kiganja kwenye ubao wa dirisha, akakaa hivyo kidogo, akasema, "Dufu." Kapatia. Nimerudi nyumbani nalifikiri jambo hilo njia nzima.

Jumamosi, 14 Mfunguo Sita

Bi Shariffa alisoma chuoni utotoni, herufi za Kiarabu anazijua. Basi nikamwambia afumbe macho, nikamwandikia kiganjani kwa kidole: *maji*. Akasema, "Haji?" Nikaandika tena. "Mji?" Nikajaribu *uji*, akacheka. Nikajaribu *chai*, na nilipoweka zile nukta za *cha* akarusha mkono, akacheka mpaka machozi.

"Unanitekenya. Mtu atapasuliwa jicho au atakufa kwa kucheka?"

Herufi tumeziacha. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa bado anajifuta machozi, "Usiandike neno. Nipe kitu kimoja tu, kitu chenyewe." Akanichukua mkono, akakusanya vidole vyangu kama mtu anayeshika tonge, akavigusisha kiganja chake. "Hiki chakula. Haya, na maji utayafanyaje?"

Nikamtelezeshea kidole toka kwenye kiwiko mpaka kiganjani, kama maji yanayoteremka.

"Maji," akasema.

Jumatatu, 16 Mfunguo Sita

Lugha yetu inakua. Kugonga kiganja ni ndiyo, kukipangusa ni hapana. Kumshika mshipa wa mkono ni daktari, kwa vile daktari akija huanza hapo. Kiganja kizima juu ya kifua ni tulia, usitikisike. Mimi mwenyewe ni kumzungushia kidole gumba kwenye mfupa wa mkono, pale kwenye kifundo. Nikifanya hivyo anajua kuwa ni mimi nimefika. Yeye kajitungia moja peke yake: anakunja vidole vyangu kimoja juu ya kingine kama jani la tambuu. Hiyo tambuu ndiyo anayoipenda kuliko kitu chochote, na daktari keshaikataza, maana kutafuna kunatikisa jicho.

Nimesema nimemchoka. Niliandika hivyo kweli, wiki iliyopita tu.

Jumanne, 17 Mfunguo Sita

Mis Harding kamwita daktari, tukamwonyesha. Nilimfunga Bi Shariffa macho kwa leso. Daktari akawa ananinong'oneza maneno, nami nayapeleka mkononi: meza dawa, daktari yupo, tulia, lete mkono wa kushoto. Yote aliyafanya. Mwisho akasema kwa sauti, "Na daktari huyo anukie karafuu kidogo tu, si kwa wingi huo."

Daktari Framji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Akafikiri, akatoa shauri lake, nami naliona la haki. Kasema tumfunge macho siku tatu kwanza, alale kama mtu aliyekwisha kupasuliwa, na jicho likiwa zima. Akiweza, atampasua. Asipoweza, jicho halikupata hasara.

Suud kasema, "Shangazi hataweza." Bi Shariffa alikuwa hajafunguliwa leso, hakuona kitu. Nami sikumfikishia hilo.

Jumamosi, 21 Mfunguo Sita

Tumeanza. Amelala chali, vifuko vya mchanga huku na huku vya kichwa. Anakunywa uji kwa birika kama mtoto. Yuko kimya kuliko nilivyozoea, na mkono wake haukai mbali na wangu.

Jumapili, 22 Mfunguo Sita

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilikuwa njema. Baada ya adhuhuri mbingu ikawa nyeusi, ikaja mvua ambayo sijaiona mwaka huu, inaingia ubavuni, na madirisha yote wazi. Nikamwacha Bi Shariffa, nikakimbilia madirisha upande wa pili wa chumba, Kazija na mimi tunavuta mbao. Ikapiga radi, ukuta ukatikisika, vikombe vikalia kwenye sinia. Nikageuka.

Alikuwa kakaa kitako. Kitambaa keshakirarua, vifuko vya mchanga viko chini, na anapiga kelele, "Tokeni! Nyumba inaanguka! Tokeni nje!" Akashuka kitandani, akamkamata Biasha, mama mmoja wa kitanda cha pili mwenye mguu mbovu, akawa anamvuta mzimamzima kumpeleka mlangoni. Biasha naye anapiga yowe. Mpaka tukamshika, mpaka nikamgeuza uso akauona mdomo wangu, chumba kizima kilikuwa juu juu.

"Radi," nikamwambia. "Radi tu."

Alikaa chini sakafuni. "Hukuniambia," akasema.

Mis Harding kamwita daktari. Daktari kaokota kitambaa chini, kaondoka nacho mkononi. Suud kaja jioni akasikia habari, akasema atakuja kumchukua keshokutwa mvua ikipungua. Mimi nimerudi nyumbani nimemjibu mama vibaya bila sababu.

Jumatatu, 23 Mfunguo Sita

Asubuhi nilikaa naye dirishani, nikamwuliza ilikuwaje. Kanieleza. Masika ya mwaka juzi nyumba ya jirani yake Malindi ilianguka na watu ndani. Yeye ndiye aliyejua mwanzo, kwa sababu alisikia mtikisiko miguuni wakati wengine wanasikia mvua tu. Alitoka na kijakazi mmoja wa kupika, wakawa wanagonga mlango wa jirani. Hawakuwahi.

"Jana kitanda kilitetemeka vile vile," akasema. "Nikanyoosha mkono, wako haupo. Nikasema basi, Tabia keshakimbia. Lakini yule mwenye mguu mbovu hawezi kukimbia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari, akiwa anakula. Nikamwambia maneno hayo kama nilivyoyasikia. Aliweka kijiko. "Kwa hiyo hakuogopa giza," akasema polepole. "Aliogopa kitu ambacho mimi pia ningekiogopa. Na akaenda kumtoa mwenziwe." Akafikiri tena. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nafunga madirisha."

"Basi safari hii madirisha yafungwe na mwingine. Siku tatu, tangu mwanzo."

Nilitoka nakimbia, na Mis Harding kanikemea ukumbini, na sikujali.

Jumanne, 24 Mfunguo Sita

Tumetunga mvua: ncha za vidole vikicheza juu ya mkono. Radi: ngumi, mara moja, katikati ya mvua. Suud alipokuja kumchukua alimkuta shangazi yake anafanya mvua na radi mgongoni kwa Biasha, na Biasha anacheka. Kakaa kidogo mlangoni, akaondoka peke yake.

Jumamosi, 28 Mfunguo Sita

Siku tatu zimekwisha. Mvua haikutupa nafasi hata nusu siku, na radi zilikuwa nyingi. Kila ilipopiga nilimpiga ngumi ndogo mkononi, naye akasema kwa sauti, "Radi," kama anayenihakikishia mimi. Jana alianza kuzitolea hukumu. "Hiyo ndogo. Hiyo ya maana."

Daktari kasema Alhamisi.

Alhamisi, 3 Mfunguo Saba

Nimeamka sijalala vizuri. Njiani maji ya Mnazi Mmoja yamefika magotini.

Bi Shariffa alikuwa keshaoga, kavaa nguo nyeupe, na kamwomba Kazija amsukie nywele mistari miwili, zisimsumbue akilala. Suud alikuwepo. Alinivuta pembeni akaniuliza, "Anaogopa?"

"Mwulize," nikamwambia. Hakumwuliza. Alitoka akakaa kwenye kiti nje ya mlango, na huko ndiko alikoshinda.

Jicho linatiwa dawa ya ganzi, mtu yuko macho, anajua. Mimi nilikaa kwenye kigoda ubavuni, mkono wake wa kulia ndani ya mikono yangu miwili. Daktari alisema kitu kimoja tu kitakuwa kigumu: lazima mgonjwa atazame chini, na asiinue jicho. Hilo tulilifanyia mazoezi tangu Jumatatu. Kidole kutoka kwenye mfupa wa mkono kushuka mpaka ncha ya kidole cha kati: tazama chini.

"Chini," akasema daktari. Nikashusha kidole. Jicho likashuka.

Sikutazama kisu. Nilitazama mkono wa Bi Shariffa, mishipa yake ya kijani, pete iliyobaki alama tu. Maji ya mlizamu yalikuwa yanamwagika uani toka paani. Mara nikasikia daktari anavuta pumzi, akasema, "Chini. Chini zaidi. Asiinue." Mkono wa Bi Shariffa ulikuwa umekaza kama kamba. Nikashusha kidole tena, na tena, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Nikamwekea kiganja cha pili kifuani: tulia. Nilihisi moyo wake chini ya kiganja changu unakwenda mbio, kisha ukapungua, kisha mkono ukalegea.

"Imetoka," akasema daktari. Akanionyesha kwenye kijisahani kitu kidogo kama punje ya dengu, cha rangi ya maziwa machafu. Kitu kile ndicho kilichotaka kumfungia bibi wa watu ndani ya sanduku.

Tukamfunga macho yote mawili. Nikampa mkononi: kwisha. Nikaupangusa mkono wake, nikaupangusa tena. Hiyo tulikuwa hatujaitunga vizuri. Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kuwa anayo, "Tumemaliza?"

Nikamgonga kiganja.

"Basi nipe tambuu."

Nikampangusa kiganja kwa nguvu. Daktari kaniuliza bibi anasema nini, nikamwambia, naye akacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

Ijumaa, 4 Mfunguo Saba

Salama. Mvua. Uji. Mvua.

Jumamosi, 5 Mfunguo Saba

Kichwa kinaniuma na mifupa yote. Mama kasema ni homa, nisitoke. Nani atampa Bi Shariffa habari ya radi? Kalamu imekuwa nzito, siandiki

Alhamisi, 10 Mfunguo Saba

Homa imenitoka jana. Leo nimeinuka, na Kazija kapita nyumbani kunijulia hali. Nimemfanya asimulie mara mbili, nimecheka mpaka ubavu umeuma.

Jumamosi ile nilipokosa kufika, Kazija alikwenda kukaa kwenye kigoda changu. Bi Shariffa akashika mkono wake, akaupapasa vidole. "Huyu si Tabia," akasema. "Tabia ana sugu kwenye kidole cha kalamu." Kazija alisema roho ilimruka, akangoja bibi aanze kupiga kelele. Bi Shariffa akauliza, "Tabia kafa?" Kazija alikuwa anajua ndiyo na hapana tu, kwa kutuona. Akampangusa kiganja. "Anaumwa?" Akagonga. "Sana?" Kazija hakujua afanye nini, akapangusa nusu.

"Basi kaa kitako," akasema Bi Shariffa, "nikusomeshe. Tabia atakaporudi asikukute mjinga."

Na akaanza kumsomesha, amelala chali, kafungwa macho, kwa sauti ile ya mnadi: mvua hivi, maji hivi, daktari hivi. Chumba kizima kikawa chuo. Biasha akachechemea na mguu wake kuja kujifunza, na wengine waliokuwa na nguvu wakakaa kitandani wanagusana mikono. Mis Harding naye akaja. Alitaka kumwambia kuwa daktari anakuja, akakosea, akamkunjia vidole. Bi Shariffa akafungua mdomo wake wazi, anangojea tambuu.

"Na Suud?" nikauliza.

"Yuko pale pale nje ya mlango kila siku," akasema Kazija. "Haingii. Anasikiliza."

Jumamosi, 12 Mfunguo Saba

Nimerudi kazini, miguu bado mizito. Nilimzungushia kidole gumba kwenye mfupa wa mkono, bila neno. Akasema, "Umekonda." Vidole tu alivishika. Nilishukuru kwamba macho yake yamefungwa.

Jumapili, 13 Mfunguo Saba

Leo kafunguliwa.

Daktari alifunga madirisha ubakie mwanga mdogo. Alifungua kitambaa mzunguko kwa mzunguko, akamsafisha kope kwa maji ya uvuguvugu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Bi Shariffa akafumbua jicho, likajaa maji, akalifumba, akalifumbua tena.

Alininyooshea mkono, akanishika shavu. Akanitazama kwa muda mrefu mno, uso umekaribia wangu.

"Una alama za ndui," akasema. "Hukuniambia."

Nikatikisa kichwa. Kweli sikumwambia. Mtu huwa hasemi hayo.

"Na pua ndogo. Kwenye giza mimi nilikupa pua kubwa, ya mtu anayejiona." Akaendelea kunitazama. "Hii inakufaa zaidi."

Daktari Framji alikuwa kageukia ukuta, anapanga chupa zake. Alizipanga kwa muda mrefu kuliko chupa zinavyohitaji.

Jumatano, 16 Mfunguo Saba

Anaona watu na rangi, lakini midomo bado haijakaa. Daktari kasema ni kawaida. Jicho likishatolewa kile kitu linataka miwani mizito. Imeagizwa. Bi Shariffa hana subira. Leo kamwambia Mis Harding kuwa kofia yake inafanana na keki, na Mis Harding kashukuru.

Jumapili, 20 Mfunguo Saba

Mvua inapungua. Biasha karudi kwao shamba, mguu umepona. Aliaga kwa mikono badala ya mdomo.

Jumatatu, 28 Mfunguo Saba

Miwani imefika. Vioo vyake vinene kama chini ya chupa, na macho ya Bi Shariffa ndani yake yamekuwa makubwa kama ya bundi. Alikaa dirishani akageuza kichwa huku na huku. Upande wa pili wa chumba wanawake wawili walikuwa wanazungumza chini chini. Bi Shariffa akawaambia kwa sauti, "Huyo mume mwache. Ataoa tena tu." Wanawake wale walishikwa na butwaa.

Daktari, aliyekuja kumuaga kabla ya safari yake, kauliza, "Anaona vipi?"

"Anaona vizuri sana, da—"

"Suud," akasema Bi Shariffa, "mdomo ninao."

 Bi Shariffa akamgeukia daktari akamwambia mwenyewe anaona vipi, kwa urefu, na hakuacha hata kope. Daktari alisimama mbele ya mwanga akasikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka kaniambia ataeleza habari hii Bombay, na atajaribu tena.

Jumapili, 5 Mfunguo Nane

Jua. Leo nilikaribishwa Malindi, nyumbani kwa Bi Shariffa, mimi na Kazija. Tulipokewa kwa halua na kahawa, na wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Tuliingia tukamkuta Bi Shariffa kakaa kati, miwani usoni. Wageni wote walikuwa wanasema wamejifunika kanga midomoni.

"Unaona?" akaniambia. "Tangu nipate miwani Malindi nzima imepata haya."

Nikakaa ubavuni mwake. Akanishika mkono, na bila kutikisa uso akaanza kunipa habari kiganjani: yule wa kona, muongo, huyu mwenye pete, anapenda kula. Mambo yale tuliyatunga kwa ajili ya uji na radi, na sasa mtu mzima anayatumia kuteta. Nilijizuia kucheka nikashindwa, ikabidi niseme nimepaliwa na kahawa.

Wageni walianza kuondoka, mwanga ukapungua. Saa kama hizi zamani, kanieleza, alikuwa akiinuka kwenda kulala, kwa kuwa midomo ya watu ilikuwa ikipotea gizani naye akibaki peke yake katikati ya watu. Taa ilikuwa haijawashwa. Suud akaingia na birika la kahawa, akaliweka chini. Nilidhani atainama kumpigia kelele sikioni kama kawaida yake. Akakaa kwenye mkeka, mnene vile, kwa taabu, akamchukua shangazi yake mkono.

Akamzungushia kidole gumba kwanza, mahali tofauti na pangu, chini zaidi. Kumbe ana jina lake mwenyewe. Kisha akatelezesha kidole toka kwenye kiwiko, akafanya kama mtu anayeinua kikombe kidogo, akaacha kiganja wazi, juu, anangoja.

"Nani kakufundisha?" akauliza Bi Shariffa.

"Wewe," akasema Suud, na akili ikamjia, akaurudisha mkono wa shangazi ukamgusa shangazi mwenyewe. "Nlikuwa nje ya mlango."

Sijui kama alimwona mdomo katika giza lile. Swali la kahawa lilikuwa bado liko mkononi, halijajibiwa, na Suud hakulijibu yeye. Bi Shariffa angeweza kugonga mara moja yakaisha. Alikaa. Alitengeneza ukaya wake kichwani, akalitazama birika, akanitazama mimi, akamrudia mpwa wake, na kile kiganja cha Suud kimenyooshwa vilevile. Nikaona kuwa bibi yule alikuwa anaona raha kungojewa.

Mwisho akagonga.

Nimerudi Kikwajuni kwa miguu mikavu, mara ya kwanza tangu Mfunguo Sita.